Jina kwanza, Zotero baadaye: mwongozo kamili wa ORCID na marejeo kwa watafiti wa Amu na Malindi

Kila msimu wa kusabmiti tesisi ukikaribia maswali ni yale yale. Zotero nimeiweka lakini majina yanatoka kinyume. ORCID ninazo mbili sijui ya kuitumia ni ipi. Google Scholar inanipa makala za upasuaji wa moyo na mimi nimesoma historia ya Pate. Mtu anajibiwa, wiki ijayo anakuja mwengine na lile lile, kwa hivyo hii hapa yote pamoja, ifuateni kwa mpangilio wala msiruke hatua. Kwa asiyejua: Zotero ni programu ya kutunza vyanzo na kupanga marejeo, na ORCID ni namba ya kumtambulisha mtafiti.

Nasema msiruke manake wengi wanakwama kwa kuanzia katikati. Wanakimbilia kudaunlodi programu. Hizi programu zinataka kila mtu awe na jina lake na jina la ukoo, basi, na sisi huku mtu ni Mohamed wa Omar wa Ali, mjini tu hapa wako Mohamed Omar wangapi. Usipoamua mwenyewe, programu itakuamulia, na itaamua vibaya.

## Vitu vya kuwa navyo

- Laptopu, Windows, Mac au Linux zote sawa. Hata ya zamani kidogo inatosha.
- Brauza moja: Chrome, Firefox au Edge.
- Barua pepe mbili, moja yako binafsi na moja ya chuo au kazini.
- Bando au wifi ya kudaunlodi mara moja. Baada ya hapo Zotero inafanya kazi bila intaneti, kwa hivyo stima ikikatika na rauta ikizima wewe unaendelea mpaka betri iishe.
- Flashi au hadi diski ya nje kwa ajili ya bekapu.
- Microsoft Word, LibreOffice au Google Docs. WPS, programu nyengine ya kuandikia, haimo kwenye orodha, nitaeleza chini.
- Maelekezo ya chuo au jarida kuhusu mtindo wa kuandika marejeo: ni APA, Chicago au nini. Usikisie, muulize supavaiza na upate toleo. APA ya 6 na ya 7 si kitu kimoja.

Zotero ni ya bure. ORCID ni ya bure kwa mtafiti. Mtu akikutoza pesa kukufungulia ORCID huyo anakula tu.

## Hatua ya 1: Amua jina lako la uandishi

Hii haitaki kompyuta, inataka karatasi na kalamu.

Andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwenye cheti cha shule, na kwenye kila kitu ulichowahi kuchapisha. Wengi watakuta tofauti hapo hapo. Fatma na Fatuma. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Abubakar na Abubakari. Kwa kompyuta hao ni watu tofauti kabisa, haina habari kwamba ni mtoto wa fulani wa Langoni.

Sasa chagua namna moja na usiiache tena. Ya kufikiria ni haya:

Jina la mwisho ndilo utakalonukuliwa nalo. Ukiandika Fatma Omar Ali, kwa APA utakuwa Ali, F. O., yaani dunia nzima itakuwa inamnukuu babu yako. Si vibaya, ila ujue. Na "Ali, F." wako wengi mno.

Kama kwenu mna jina la ukoo linalojulikana na unapenda kulitumia, liweke mwisho na ulitumie kila mahali. Wengine wanaunga mawili kwa kistari, Omar-Ali, ili yasitenganishwe. Mimi hiyo naiona nzuri kwa mwenye majina ya kawaida sana, mradi uanze nayo kabla ya makala ya kwanza, sio baada ya ya tatu.

Vyeo usiweke. Ustadh, Mwalimu, Dkt., hivyo vinabaki nje. Kama "Sheikh" au "Bwana" ni sehemu ya jina lako la kuzaliwa, sawa, liache, lakini hilo ni jina sio cheo.

Utajuaje imekubali: una mstari mmoja kwenye karatasi, jina limeandikwa herufi kwa herufi, na ukitafuta hilo jina kwenye Google Scholar unaona watu unaogongana nao ni wachache. Wakiwa wengi rudi ufikirie tena jina la mwisho.

## Hatua ya 2: Fungua ORCID, moja tu

ORCID ni namba yako ya utafiti. Ni tarakimu 16 kwa makundi ya nne nne, na herufi ya mwisho yaweza kuwa X, kwa hivyo ukiona X usidhani umekosea. Mfano inafanana hivi: 0000-0002-1825-0097. Hiyo ni ya Josiah Carberry, profesa ambaye hayupo duniani, ORCID wenyewe wanamtumia kwa mifano.

Faida yake ni kwamba jina laweza kubadilika, chuo chaweza kubadilika, namba haibadiliki. Ndio maana majarida mengi siku hizi yanaiomba hata kabla hujapandisha makala.

1. Kabla ya kufungua, hakikisha huna. Ingia orcid.org na ujaribu kusaini kwa kila barua pepe uliyowahi kuitumia. Wengi waliwahi kufunguliwa siku ya semina wakasahau.

2. Jaza jina kama ulivyoamua hatua ya 1. Sehemu ya jina la ukoo si lazima, lakini mimi nakushauri uijaze, manake mifumo ya majarida mingi itakudai.

3. Weka barua pepe zote mbili. Hapa ndipo watu wanapoumia, mtu anafungua kwa barua pepe ya chuo peke yake, anamaliza masomo, chuo kinaifunga ile barua pepe, pasiwedi ameisahau, anafungua ORCID nyengine. Na sasa ana mbili.

4. Kuna sehemu ya majina mengine unayojulikana nayo. Tia humo kila namna uliyoikuta kwenye karatasi yako: Fatuma, F. O. Ali, na kadhalika. Kwa watu wetu hii ndiyo sehemu yenye manufaa kuliko zote na ndiyo inayoachwa tupu.

5. Seti nani anaona. Jina, elimu, kazi na makala viache wazi kwa wote, barua pepe ifiche kama hupendi. Ukificha kila kitu basi ni kama hujafungua, mhariri akibonyeza namba yako anakuta ukurasa mweupe.

Kama tayari una mbili: usifute kwa hasira. Chagua ile uliyowapa majarida, hamishia humo taarifa za ile nyengine, kisha ingia kwenye mipangilio ya akaunti utafute "Remove a duplicate record". Ile ya ziada itazimwa na atakayeibonyeza atapelekwa kwenye ile uliyobaki nayo.

Utajuaje imekubali: toka kwenye akaunti, fungua link yako ukiwa hujasaini, na uone jina lako na chuo chako.

## Hatua ya 3: Weka Zotero

Kama uko Mendeley, programu nyengine ya kazi hiyo hiyo, na inakwenda vizuri baki huko, sikulazimishi. Ila kama bado unatumia ile Mendeley Desktop ya zamani, hiyo walishaacha kuitoa tangu 2022, na Zotero inaweza kuvuta maktaba yako yote kutoka Mendeley kupitia "Import".

1. Funga Word kabisa.
2. Ingia zotero.org, daunlodi programu, iweke.
3. Ukurasa ule ule kuna Zotero Connector ya brauza. Hii ni kitu cha pili na lazima uiweke. Bila hii utakuwa unaandika kila kitu kwa mkono halafu useme Zotero haina faida.
4. Fungua akaunti ya Zotero, ingiza jina na pasiwedi kwenye programu upande wa "Sync".

Kuhusu nafasi: taarifa za marejeo zinasinki bure bila kikomo, lakini faili za PDF unapewa MB 300 tu bure. Kitabu kimoja cha kuskani chaweza kumaliza robo yake. Kwa hivyo mwenye bando dogo azime kusinki faili, aache taarifa peke yake, PDF zibaki kwenye laptopu na flashi.

Utajuaje imekubali: ukifungua Word kuna tabu imeandikwa Zotero juu, na kwenye brauza kuna alama yake kando ya sehemu ya anwani.

## Hatua ya 4: Kuingiza vyanzo

Kuna njia nne, na kila moja ina mahali pake.

Kwa brauza. Fungua ukurasa wa makala, ule wenye ikisiri, kisha bonyeza alama ya Connector. Usibonyeze ukiwa umefungua PDF yenyewe, hapo mara nyingi unaokota faili peke yake halafu Zotero inaanza kubahatisha ni ya nani.

Kwa namba. Juu ya Zotero kuna alama ya kijiti cha uchawi. Bonyeza, tia DOI (namba ya kudumu ya makala) au ISBN (namba ya kitabu), gonga Enter. DOI zote zinaanza na 10 kisha nukta, na makala nyingi zilizoko African Journals Online, tovuti ya majarida ya Afrika, zinaanza na 10.4314. Hii ndiyo njia safi kuliko zote.

Na ndiyo kipimo cha marejeo ya uongo pia. Mtu ameomba ChatGPT impe vyanzo kuhusu mikoko ya Lamu, amepewa orodha nzuri ina waandishi na mwaka na DOI juu yake. Tia ile DOI kwenye kijiti. Ikikataa, au ikileta makala ya ng'ombe wa maziwa, basi jua hicho chanzo cha kuchunguza sana kabla hakijakufikisha mbele ya kamati.

Kwa kuburuta PDF. Iburute uiangushe ndani, Zotero itatafuta taarifa yenyewe. PDF za skani za zamani hazitajulikana, hapo bonyeza kulia, chagua "Create Parent Item" ujaze.

Kwa mkono. Hii kwa watu wa huku haikwepeki. Kitabu cha James Kirkman cha 1954 kuhusu uchimbuzi wa Gede hakina ISBN, mfumo wenyewe wa ISBN ulikuwa haujaanza. Miswada ya tenzi, ripoti za kaunti, mahojiano na wazee, vyote hivi ni vya mkono. Chagua aina sahihi kwanza: mswada ni "Manuscript", tesisi ni "Thesis", mazungumzo na mzee ni "Interview". Ukikosea aina, hata ukijaza kila kitu mtindo utatoa upuuzi.

Kwa mswada jaza jina la maktaba na namba ya mswada kwenye sehemu za "Archive". Msomaji wa Hamburg au Nairobi atautafuta kwa namba hiyo, sio kwa jina la utenzi.

Kwa mahojiano, jua kwamba APA inataka mahojiano yako mwenyewe yatajwe ndani ya maandishi tu, hayaingii kwenye orodha ya mwisho. Watu wanagombana na programu hapa bure, programu haina kosa.

Utajuaje imekubali: kila chanzo kina alama ya aina yake, si karatasi ya PDF imekaa peke yake bila mzazi.

## Hatua ya 5: Safisha kila kinachoingia, siku hiyo hiyo

Hapa ndipo tesisi zinapofia. Zotero haijui ukweli, inajua kilichoandikwa kwenye ukurasa wa jarida, na ukurasa ukiwa mchafu orodha yako nayo ni chafu. Dakika mbili kwa kila chanzo zinatosha, lakini ukisubiri ziwe chanzo mia tatu hutafanya.

Majina ya watu. Kila mwandishi ana boksi mbili, ya ukoo na ya jina. Tazama jina kama la marehemu Ahmed Sheikh Nabhany. Ukoo ni Nabhany, na Ahmed Sheikh inakaa boksi la pili. Jina likija "Sheikh Nabhany" kwenye ukoo, irekebishe, la sivyo mtu mmoja atatokea mara mbili kwenye orodha yako, mara chini ya N mara chini ya S. Kama hujui mwandishi anapenda jina gani liwe la mwisho, tazama ORCID yake au makala yake mengine. Usimkatie jina kwa kukisia, wewe mwenyewe hupendi.

Majina ya taasisi. Hii ni balaa ya kuchekesha. Ukiandika National Museums of Kenya kwenye boksi mbili, APA inakutolea "Kenya, N. M. of" kana kwamba ni mzee mmoja anaishi Mkomani. Kando ya boksi kuna kitufe cha kugeuza ziwe boksi moja. Bonyeza, andika jina lote zima. Fanya hivyo kwa kaunti, wizara, UNESCO, kila kisicho na mama na baba.

Lugha. Kwa chanzo cha Kiswahili jaza sehemu ya "Language" uandike sw. Usipofanya, mitindo kama Chicago itadhani ni Kiingereza na itapandisha herufi kubwa kila neno, Historia Fupi Ya Mji Wa Siyu, mpaka ule "ya" na "wa" masikini. Ukitia sw inaacha kichwa kama ulivyokiandika.

Vichwa vya Kiingereza. Vihifadhi kwa herufi ndogo isipokuwa neno la kwanza na majina. Bonyeza kulia kwenye kichwa, "Transform Text", kisha "Sentence case", halafu rudisha herufi kubwa za Lamu, Malindi, Swahili kwa mkono. Mtindo unaotaka herufi kubwa utazipandisha wenyewe, lakini hauwezi kuzishusha.

Marudio. Kushoto kuna "Duplicate Items". Unganisha, usifute. Ukifuta kile ambacho tayari umekinukuu kwenye Word, ile nukuu inabaki yatima, haisasishiki tena.

Utajuaje imekubali: chagua vyanzo kumi, bonyeza kulia, tengeneza bibliografia ya majaribio kwa mtindo wa chuo chako, isome kwa macho. Ikiwa sawa hapo itakuwa sawa kwenye tesisi.

## Hatua ya 6: Kunukuu ndani ya Word

1. Weka kishale mwisho wa sentensi, bonyeza "Add/Edit Citation". Mara ya kwanza itauliza mtindo. Iko mitindo zaidi ya 10,000 kwenye hazina ya Zotero, ya jarida lako pengine imo, tafuta kabla hujaanza kulalamika.
2. Andika jina la mwandishi au neno la kichwa, mchague, Enter.
3. Ukitaka ukurasa, bonyeza lile jina kabla ya kumaliza, tia namba. Usiandike ukurasa kwa mkono nje ya nukuu.
4. Ukifika mwisho wa kazi, "Add/Edit Bibliography". Orodha yote inajitandika.

Onyo kubwa: usirekebishe orodha kwa mkono. Ukiona kosa, rudi Zotero urekebishe chanzo chenyewe halafu bonyeza "Refresh". Marekebisho ya mkono yatafutika mara nyengine orodha ikijisasisha, na itakuwa usiku wa kuamkia siku ya kupeleka.

Laptopu ikianza kukokota kwa ajili ya tesisi ndefu, ingia "Document Preferences" uzime kusasisha kwa papo hapo. Utakuwa una-refresh mwenyewe.

Sura zikiwa faili mbali mbali, andika hivyo hivyo, mwisho zinakiliwe ndani ya faili moja na orodha itakuwa moja.

Sasa WPS. Zotero haiiungi mkono. Ukifungua faili yenye nukuu kwa WPS ya simu ukasevu, unacheza na bahati, nukuu zaweza kugeuka maandishi makavu. Soma kwa simu ukitaka, lakini usisevu. Na supavaiza akitaka nakala, mtumie nakala, yeye aandike maoni yake, wewe uyahamishe kwenye faili yako hai.

Kutoka Word kwenda Google Docs au LibreOffice pia hakutaki kunakili tu. Kwenye "Document Preferences" kuna kitufe cha kubadilisha programu ya kuandikia, pita hapo.

"Unlink Citations" inakata uhusiano wote na hairudi. Ifanye kwenye nakala ya mwisho ya kupeleka jaridani, faili ya asili isiguswe.

Utajuaje imekubali: badilisha mtindo kutoka APA kwenda Chicago. Kila kitu kikigeuka chenyewe kwa sekunde chache, uko salama. Nukuu ikibaki vile vile, hiyo uliiandika kwa mkono, itafute uibadilishe.

## Hatua ya 7: Bekapu

Maktaba yako inakaa kwenye foda inayoitwa Zotero ndani ya foda yako ya mtumiaji. Funga Zotero, nakili foda nzima kwenye flashi, kila Ijumaa au siku yoyote unayoikumbuka.

Usiihamishie hiyo foda ndani ya OneDrive, Dropbox au Google Drive ikae humo ikifanya kazi. Ile faili ya hifadhidata inaweza kuharibika ikisinkiwa huku imefunguliwa.

Na flashi isikae mkoba mmoja na laptopu. Mashua ikiyumba pale jeti ya Mokowe, vyote viwili vinakwenda majini pamoja.

## Hatua ya 8: Kazi zako ziingie ORCID

Kwa makala zenye DOI, ingia ORCID upande wa kazi, ongeza kwa DOI, au tumia "Search & link" uchague Crossref, shirika linalosajili DOI. Utaulizwa ruhusa, kubali. Na makala zijazo zitakazosajiliwa na namba yako, Crossref wakikuomba ruhusa ya kuziingiza ukakubali, zinaweza kujiingiza zenyewe.

Kwa zisizo na DOI, tengeneza foda ya kazi zako ndani ya Zotero, itoe kwa BibTeX (aina ya faili ya marejeo), kisha iingize ORCID. Foda ya kazi zako tu. Wako watu wametoa maktaba nzima, sasa ORCID yao inasema wao ndio walioandika kila kitu kuhusu pwani tangu Kirkman.

Jarida likikuomba ORCID, usiandike namba kwa mkono, bonyeza kitufe cha kusaini kupitia ORCID. Hivyo ndivyo jarida linavyothibitisha ni wewe.

Google Scholar: kwenye mipangilio ya profaili zima kuongezewa makala moja kwa moja, chagua utumiwe barua pepe ukubali mwenyewe. Mwenye jina kama M. Ali akiacha ile ya moja kwa moja atajikuta daktari, mhandisi na mtaalamu wa samaki kwa pamoja.

Scopus, hifadhidata kubwa ya makala za utafiti, wao wanakutengenezea namba bila kukuuliza, na jina likiwa limeandikwa tofauti unaweza kuwa na mbili au tatu. Jitafute kwa kila namna ya jina iliyoko kwenye karatasi ya hatua ya 1, omba waunganishe kupitia fomu yao ya marekebisho, ni bure, kisha iunganishe na ORCID yako.